Kisanduku cha Uchagani

Kushoto, gramu mia nne na ishirini. Kulia, gramu mia na themanini.

Nilipima tena. Mizani yangu ni ile ya ndoano, ya kupimia nyama, si kifaa cha kumtambia mtu, lakini haijawahi kunidanganya. Niliitia ndoano kwenye kijiti cha kisanduku, nikakivuta kulia mpaka kikagusa ukingo, nikasoma. Nikakivuta kushoto, nikasoma. Namba zilikuwa zilezile.

Kisanduku kililetwa asubuhi hiyo na dada mmoja anayetaka mdogo wake aanze mazoezi ya urubani. "Kibadilishie waya tu, Mwalimu," alisema, akaenda zake sokoni. Nilikitambua mara moja, kwa sababu ni mimi niliyekitengeneza. Plaiwudi, vijiti viwili vya mwanzi, voliumu nne nilizozitoa kwenye redio mbovu za kupima kijiti kimesogea wapi, na vipande vya tyubu ya baiskeli, kimoja kila ubavu, vya kurudisha kijiti katikati ukikiachia. Unakichomeka kwenye kompyuta yoyote, unafungua simuleta, unarusha ndege ya kwenye kioo mpaka mikono ikomae. Vijiti vya kiwandani vinauzwa bei ya ng'ombe wawili wa maziwa. Changu kilikuwa bei ya kuku, na kwa wengine bei ya asante.

Wenye umri wangu wanakumbuka ndege zilipokuwa zikijiendesha zenyewe. Tangu setilaiti zilipokufa zimebaki mabati ya kuzibia mabanda, na nchi ikakumbuka kwamba binadamu ana mikono. Ndege za mfano, zile ambazo zamani watu wazima walichezea Jumapili uwanjani, ziliongezwa mbawa na kupewa kazi: kubeba damu, chanjo, dawa ya sukari. Kwetu Rungwe, ambako mvua ikikasirika inaondoka na daraja, kila kituo cha afya kilihitaji rubani wa mkono, anayeketi chini mbele ya kioo na kuongoza ndege iliyo ng'ambo ya mlima. Mtihani wa leseni hufanyiwa nyumbani, kwenye simuleta, kwa kuwa watahini nao hawana barabara. Watu thelathini na saba wamepata leseni kwa visanduku vyangu. Wa thelathini na saba ni mwanangu Bupe.

Nilifungua kifuniko. Mpira wa ubavu wa kulia, ule unaokivuta kijiti kikienda kushoto, ulikuwa mzima. Wa kushoto ulikuwa umekauka, umepasukapasuka kama kisigino, umelegea hauvuti tena. Nikauleta puani. Moshi.

Ni mimi niliyewaambia. Kwetu unyevu unaingia hata kwenye chumvi, na voliumu za redio zikiota kutu zinafanya ndege iruke kama chura. Kwa hiyo kila niliyemkabidhi kisanduku nilimwambia neno lilelile: ukimaliza mazoezi, kitundike jikoni, kwenye uchaga, juu ya moto, pamoja na mahindi ya mbegu. Wakatundika. Wakatundika kwa waya, ndio uliokuwa karibu, na tundu la waya nililitoboa upande wa kulia kwa sababu tu drili yangu ilikaa vizuri hivyo. Visanduku vyote thelathini na saba vilining'inia ubavu wa kushoto ukitazama moto.

Simuleta haijui nguvu. Kila ukiiwasha inauliza kijiti kimetulia wapi, na hapo inapaita katikati; kisha inapima kimesogea umbali gani, basi. Kiwe kizito, kiwe chepesi, kwake ni mamoja. Lakini mkono unajua. Mtu aliyefanya mazoezi miezi minane kwenye kisanduku kizito kushoto, mkono wake umejifunza kwamba kushoto panasukumwa kwa nguvu. Mpe vijiti vya kiwandani, laini pande zote. Hewa ikiwa shwari atajirekebisha bila kujua. Akishtuka, mkono hautamsubiri, utasukuma kama ulivyozoea, na ndege itapinduka.

Mwezi huo ndege mbili zilikuwa zimeanguka, moja na chanjo, moja na damu. Zote zilipindukia kushoto. Ripoti zote mbili ziliandika upepo, na mimi nilizisoma nikatikisa kichwa nikisema, ah, upepo huu utatumaliza.

Na leo, saa nane mchana, Lugano, mmoja wa hao thelathini na saba, alikuwa anarusha mtu.

Redio ilikuwa imetangaza tangu asubuhi. Machela yenye mbawa ilikuwa imewasili wiki iliyopita, ndege ya kwanza wilayani kubeba mgonjwa, na Sekela, mke wa fundi cherehani, alikuwa kwenye uchungu tangu jana na daraja halipo. Hospitali iko ng'ambo ya korongo la Mbaka. Kwa miguu ni siku nzima ya kuzunguka. Kwa ndege ni dakika kumi na moja.

Simu zilikuwa hazipatikani kwa ukungu. Redio ya kituo inasikika na vituo vyote, na nilichokuwa nacho mdomoni sikutaka kisikike na vituo vyote. Nilitia mizani kwenye kikapu nikatoka.

*

Nina miaka hamsini na miwili na magoti ninayoyajua mwenyewe. Nilikwenda nusu natembea nusu nakimbia, nikiwapita watu bila kuwasalimu, jambo ambalo kwetu litasemwa wiki nzima.

Nilianzia kwa mama yake Lugano. Sikuwa na mpango. Nilikuwa na wazo dogo tu ambalo sikutaka kulitazama usoni, nikaona kwanza nishike kifaa mkononi.

"Mugonile, Mwalimu!" Alinipokea na kitenge cha sikukuu kichwani. "Umesikia? Mwanangu leo anarusha mtu mzima!"

"Nimesikia, mama. Naomba kile kisanduku chake."

"Cha mwanzi? Cha nini tena? Si ana vijiti vya serikali siku hizi?"

"Nakihitaji. Nitakirudisha."

Hakuuliza tena. Aliingia jikoni, akasogeza sufuria, akanyoosha mkono juu ya moto. Kilikuwa cheusi kwa masizi. Alikifuta kwa upindo wa kitenge, kitenge cha sikukuu, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Mwaka mzima hakitumii, lakini sijakitoa hapa hata siku moja," alisema. "Ulisema kisipate unyevu. Nami nikashika neno lako."

Nilitamani angekuwa mkaidi kidogo. Nilimshukuru, "Ndaga fijo, mama," nikashika njia kabla hajaniona uso.

*

Kituoni walikuwa wameshamlaza Sekela kwenye machela, nje, chini ya turubai. Ni ndefu kama mtumbwi, mbawa zimekunjwa. Nesi Tumpe alikuwa amepiga magoti kando yake anamfuta jasho.

"Mtoto amekaa vibaya," aliniambia kwa sauti ya chini. "Mpaka saa kumi, Mwalimu. Baada ya hapo sina la kukuahidi."

Sekela alinitazama. Hakunijua, nadhani. Alikuwa anauma kona ya kanga.

Lugano alikuwa ndani mbele ya kioo, kijana wa miaka ishirini na mitatu, mtulivu, mwanafunzi wangu bora kuliko wote. Nyuma yake alisimama Bwana Kihwelo, mkuu wa kituo, mtu wa Iringa, shati limefungwa vifungo mpaka kooni.

"Shikamoo, Mwalimu. Umekuja kuniona?"

"Marahaba. Nataka urushe simuleta dakika mbili. Kwa vijiti vyako vya kiwandani."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi, Lugano."

Alicheka, akarusha. Vizuri sana, kama kawaida yake. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na kibodi, na alipofika katikati ya korongo nikampa upepo wa ghafla bila kumwambia, ule unaoinua bawa la kushoto. Ndege ililalia kulia. Mkono wake ukaruka kushoto. Ndege ikapinduka tumbo juu na kioo kikajaa majani.

Lugano aliviachia vijiti.

"Rudia," nilisema.

Alirudia mara tatu. Mara zote tatu aliangukia kushoto. Jasho lilimtoka puani.

"Mwezi uliopita nusura niiangushe ya chanjo," alisema polepole, bila kunitazama. "Ilipinda hivihivi. Nilidhani ni uchovu."

Nikawaeleza. Moto, mpira, mizani, mkono. Nilieleza haraka na vibaya, narukaruka, na Bwana Kihwelo alinikatiza mara mbili aelewe. Alipoelewa aliketi.

"Rubani mwingine?" nilimwuliza.

"Wa zamu nyingine ni mwanafunzi wako pia, Mama Bupe. Wilaya nzima ni wanafunzi wako."

Lugano alikuwa anaitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. "Ungeninyamazia, Mwalimu," alisema. "Ningerusha. Labda upepo usingekuja. Sasa nitarushaje na mikono ninayoijua kwamba ni mibovu?"

Hilo liliniuma kwa sababu lilikuwa kweli. Nilikuwa nimechukua kijana mwenye mkono mbovu nikampa na moyo mbovu juu yake. Nikakitoa kisanduku kikapuni nikakiweka mezani.

"Mikono si mibovu," nilisema. "Imejifunza kifaa hiki. Chomeka."

Alichomeka. Nilimpa upepo wa kwanza, mkono ukaruka kushoto kwa nguvu zake zote, na kijiti kizito kikaenda palepale kilipotakiwa kwenda. Ndege ikanyooka. Nilimpa wa pili, wa tatu. Nilimpa upepo ambao haujawahi kuvuma Rungwe. Ndege ilinyooka kila mara.

"Sitaki kusikia unachotaka kusema," alisema Bwana Kihwelo.

"Arushe kwa hiki."

"Mama Bupe, hiki kitu kinanuka jikoni. Hakina namba ya usajili. Kimefungwa kwa mpira wa baiskeli, na mpira mmoja, kwa maneno yako mwenyewe, umekufa. Nimlaze mwanamke na mtoto wake juu ya hicho?"

"Hicho ndicho kimemfundisha. Cha kiwandani ndicho kitakachowaua."

Nje Sekela alipiga kelele, mara moja, kisha akanyamaza. Bwana Kihwelo alifungua kifungo cha kooni.

Kompyuta ya kituo haikubali kifaa kisicho na namba mpaka mkuu atie neno la siri na kuandika sababu, na sababu hiyo inakwenda moja kwa moja Idara ya leseni. Alitia neno la siri. Vidole vikasimama kwenye sababu.

"Nikiandika ulichosema," alisema, "Idara itafunga leseni zote thelathini na saba kabla sijainuka kwenye kiti. Ya huyu kwanza. Na saa hii kuna ndege nne hewani na dawa. Nikiandika kwamba vijiti vya kiwandani vimekwama, huyu anarusha, mama anafika, na wewe unapita jiko kwa jiko unabadilisha mipira yako. Mwezi mmoja, miwili, mikono imerudi sawa. Hakuna atakayejua. Wewe ndiye fundi. Niandike nini?"

Nilimfikiria Bupe. Miezi mitatu tu tangu aanze kazi kituo cha Ntaba. Mshahara wa kwanza alininunulia koti. Niliwafikiria wengine, mmoja mmoja, na mama zao, na jinsi watakavyonitazama kanisani. Nikanyamaza. Sijifichi, nilinyamaza nikijua ninachofanya, naye akaandika: vijiti vimekwama.

*

Mbawa zilifunguka, machela ikakimbia kwenye nyasi ikainuka. Tumpe alibaki amesimama na beseni mkononi.

Ndani tuliiona dunia kama anavyoiona ndege: migomba, mashamba ya chai, kisha ukingo, kisha hakuna kitu chini. Mimi nilikuwa nimeushika ubavu wa kulia wa kisanduku kwa vidole viwili, nimeufinya, maana nilihofia ule mpira uliobaki. Kama ungekatika ningekuwa mpira mimi.

"Usinisogelee sana, Mwalimu," alisema Lugano.

"Sipumui hata."

"Ndiyo hiyo, pumua."

Upepo ulikuja katikati ya Mbaka, kama unavyokuja siku zote, kutoka kushoto. Dunia yote ililala upande. Niliona mto pale ambapo mbingu ilikuwa. Bega la Lugano likaruka, kijiti cha mwanzi kikalia kwa uzito, plaiwudi ikasogea mezani nami nikaikandamiza. Mbingu ikarudi juu. Aliuma meno, akaachia kidogo, akashika tena. Ukingo wa pili ukapita chini, kisha mabati ya hospitali, kisha nyasi.

Dakika ishirini baadaye redio ilisema: mtoto wa kiume, mama anaongea. Tumpe alikaa chini palepale mlangoni akalia kwa sauti, naye si mtu wa kulia. Lugano aliweka kichwa mezani. Mimi nilicheka kicheko cha kijinga ambacho hakikutaka kukoma, na Bwana Kihwelo akanipa maji.

Kisha redio ikaita tena.

"Kituo, kituo, hapa Ntaba." Sauti ya mwanangu, ya juu, imejaa furaha. "Mama yupo hapo? Wamesema yupo. Mama! Umemwona Lugano? Na sisi machela yetu imefika. Nina mzee kavunjika paja, saa kumi nampeleka. Niombee!"

Nilitazama saa. Saa kumi kasoro dakika kumi na mbili. Nje migomba ilikuwa imeanza kupigana kwa upepo.

"Mwambie anaumwa," alisema Bwana Kihwelo haraka, mkono juu ya maikrofoni. "Sema shangazi yake amefariki, sema lolote. Amwachie mwenzake."

"Mwenzake nimemfundisha mimi."

"Basi mzee asubiri. Paja haliui leo."

"Na kesho? Wiki ijayo kila kituo kitakuwa na machela. Nitaua mashangazi wangapi?"

"Mama Bupe." Hakuwa anafoka, ingekuwa rahisi zaidi kama angefoka. "Mimi nimeandika uongo kwa ajili yako. Nina watoto wanne. Huyu kijana ameokoa watu wawili leo na wewe unataka jioni awe hana kazi. Kuna watu milimani wanaishi kwa dawa ya sukari ya kila siku tatu. Nani atawapelekea?"

Nilimgeukia Lugano. Alikuwa ameinua kichwa. Macho yalikuwa mekundu, na yalinisihi waziwazi, bila aibu, kwamba ninyamaze.

Bupe alikuwa amejifunza kwangu, kwenye uchaga wangu, juu ya moto wangu mwenyewe. Kisanduku chake ndicho kilichokaa karibu na moto kuliko vyote, maana mimi napika kila siku. Na kiko nyumbani kwangu, mwendo wa saa tano kutoka Ntaba.

Niliutoa mkono wa Bwana Kihwelo juu ya maikrofoni. Hakushindana.

"Vituo vyote," nilisema. "Anayesema ni Tusekile, fundi wa visanduku. Safari ya leo haikurushwa kwa vijiti vya kiwandani wala vijiti hivyo havikukwama. Visanduku vyangu vya mazoezi vina kasoro upande wa kushoto, na kasoro hiyo imeingia kwenye mikono ya watu. Kosa ni langu, niliwaambia mvitundike juu ya moto. Ndege mbili zilizoanguka, si upepo, ni mimi. Wenye ndege hewani bila mtu, pandeni juu, pitieni mbali na korongo, mtue polepole. Nitakaowataja, msirushe mtu yeyote mpaka mikono yenu ipimwe."

Idara nayo ilikuwa inasikiliza: kwenye kioo leseni ya Lugano iligeuka nyekundu nikiwa bado nasema. Alisimama akatoka nje, akampita Tumpe mlangoni.

Majina sikuhitaji kuyasoma popote. Nayajua yote kwa kichwa, pamoja na alichochelewa kujifunza kila mmoja. Ningeweza kuanza na wa kwanza kufuzu. Ningeweza kuanza na walio mbali.

"Bupe Mwaisumo," nilisema. "Kituo cha Ntaba."

Redio ilikoroma kidogo. Nilisikia upepo wa huko, na mtu mzima akiguna kwa maumivu.

"Mama," alisema. Sauti ilikuwa imekuwa ndogo. "Mama, mgonjwa ameshafungwa mikanda."

"Mfungue."

Nilisubiri. Kisha nilisikia vifungo vya mikanda vikiachia, kimoja, cha pili, cha tatu. Nikataja jina lililofuata.